Timu inafungwa kila wiki: kutafuta ulinzi unapovujia katika hoki ya barafu ya wanawake wa vyuo

Msimu uliopita mama mmoja wa Kisumu alinisimamisha nje ya uwanja wa barafu hapa Minnesota. Tulikuwa tumefungwa 5-2, na bintiye ni beki wetu wa mwaka wa kwanza. "Kaka yangu," akaniambia, "huyu mtoto anakosea wapi? Kila goli likiingia, yeye ndiye namwona amesimama pale." Nilimwomba siku mbili nikaangalie video, maana ndiyo kazi yangu kwenye timu: kukata video za mechi na kumpelekea kocha vipande vya kuzungumza na wachezaji.

Bao la tatu nililirudia mara nyingi. Ni kipindi cha pili. Winga wetu anafika kwenye mstari wa buluu wa wapinzani, anajaribu kupiga chenga badala ya kukisukuma kisahani (ndicho kinachochezewa badala ya mpira) ndani, ananyang'anywa. Wenzake wawili, waliokuwa kwenye barafu kwa zaidi ya dakika nzima, wameshageuka kuelekea benchi. Beki mmoja naye anatoka. Binti wa yule mama anaruka ukuta wa benchi akiwa wa mwisho kuingia, anafukuza mchezo kwa nyuma mita thelathini hivi, anafika langoni kisahani kikivuka mstari. Ndiyo maana alionekana amesimama pale. Ni yeye peke yake aliyewahi kurudi.

Naandika haya kwa ajili ya wazazi kama yeye, mabinti wanaocheza, na yeyote anayesaidia timu inayofungwa bila kujua pa kushika. Nimekaa mbele ya skrini kwa muda wa kutosha kuamini jambo moja: bao linaingia langoni, lakini mara nyingi ulinzi umeshavunjika sekunde 20 au 30 kabla, mbali na lango, na mara nyingi mikononi mwa mshambuliaji. Kwa hiyo utafutaji wote hapa chini unarudi nyuma kutoka kwenye wavu.

Kwa aliyezoea mpira wa miguu: kila timu ina watu sita kwenye barafu, kipa akiwemo. Kawaida ni mabeki wawili, senta mmoja na mawinga wawili. Uwanja ni kama mita 61 kwa 26, umezungukwa na kuta. Mistari miwili ya buluu inaugawa sehemu tatu: nyumbani kwenu, katikati, na nyumbani kwa wapinzani. Vipindi ni vitatu vya dakika 20. Wachezaji hubadilishana mchezo ukiendelea, na zamu nzuri haizidi sekunde 45 au 50. Na katika hoki ya wanawake wa vyuo vya Marekani, kumgonga mtu kwa mwili ili kumwangusha au kumwondoa kwenye mchezo ni kosa. Sheria hiyo inabadilisha ulinzi wote, nitaifikia.

Kabla ya lolote, hesabu mbili

Chukua mechi tano mfululizo. Hesabu mashuti mliyopigiwa yaliyolenga lango, hesabu mabao. Timu iliyofungwa 4 kwa mashuti 44 na timu iliyofungwa 4 kwa mashuti 20 zinaonekana sawa kwenye ubao, lakini maradhi yao ni tofauti kabisa. Ya kwanza kipa wake ameokoa karibu asilimia 91, amefanya kazi yake, na tatizo ni kwamba timu inaishi nyumbani kwake. Ya pili kipa ameokoa asilimia 80. Hapo kuna mawili: ama kipa hayuko sawa, ama anapigiwa mashuti ambayo hakuna kipa angeyazuia.

Watu hukimbilia kumlaumu kipa au kumtukuza, na yote mawili huficha ukweli. Mwangalie Ann-Renée Desbiens wa chuo cha Wisconsin msimu wa 2015–16. Alimaliza mechi 21 bila kuruhusu bao, wastani wake ukiwa bao 0.76 kwa mechi na asilimia 96 ya mashuti akiokoa. Alikuwa kipa wa ajabu, lakini piga hesabu kwa namba hizohizo: alikuwa akipigiwa mashuti kama 19 tu kwa mechi. Mbele yake palikuwa na timu iliyokaa na kisahani.

Ukishajua uko upande gani, chora uwanja kwenye karatasi. Kwa kila bao weka alama mbili, moja mahali shuti lilipopigwa, nyingine mahali mlipopoteza kisahani mara ya mwisho. Baada ya mabao 15 karatasi itaanza kusema.

Dalili: mashuti mengi, mnakaa nyumbani dakika nzima

Hii ndiyo inayozisumbua timu nyingi dhaifu, na ndiyo nitakayokaa nayo zaidi.

Ukitazama kwa macho unaona mabeki wamechoka, wamezungukwa, wanajirusha mbele ya mashuti. Unadhani hawajui kukaba. Rudisha video. Utaona walikipata kisahani mara mbili au tatu ndani ya dakika hiyohiyo, wakashindwa kutoka nacho.

Jaribio ni rahisi. Kila mara timu yako inapokipata kisahani nyumbani, andika moja kati ya matatu: tumetoka nacho kwa miguu au kwa pasi, tumebutua tu, au tumekirudisha mikononi mwao. Timu yetu, mwezi ule mbaya, ilikuwa inabutua na kurudisha zaidi ya kutoka. Kubutua kunapunguza presha kwa sekunde tano tu, halafu wanarudi na watu wapya huku wa kwako hawajapumua.

Sasa tafuta chanzo. Cha kwanza ni macho ya beki. Kisahani kimetupwa kwenye kona, beki anakifuata akiwa amewapa mgongo wapinzani. Asipogeuza shingo kabla ya kukifikia, hajui presha inakuja upande gani, na atakipiga ukutani kwa kubahatisha. Beki mzuri anaangalia nyuma ya bega mara mbili: mara moja akianza kukifuata, mara ya pili akikaribia kukigusa. Kwenye video hesabu shingo. Nasema hesabu shingo na namaanisha hivyo hasa: simamisha picha, angalia kama kofia yake imegeuka. Yule binti wa Kisumu alikuwa anageuka mara moja kati ya nne. Hakuna aliyewahi kumwambia, kwa sababu sekondari alikuwa na kasi kuliko wote na hakuhitaji.

Cha pili ni ukimya. Beki mwenzake na kipa wanaona uwanja wote, yeye anaona ukuta. Wakinyamaza, yuko peke yake. Kubalianeni maneno matatu mafupi, lenye maana ya "una muda", lenye maana ya "zunguka nyuma ya goli", lenye maana ya "nipe mimi". Na yasemwe kwa sauti ya kuamrisha. Mabinti wengi wa mwaka wa kwanza wanaona aibu kumwamrisha wa mwaka wa nne, kwa hiyo kocha aliweke hili kuwa kazi ya mazoezi.

Cha tatu, na hiki huwa kinasahauliwa, ni mawinga wanaokimbia mapema. Wanaona beki wao amekipata, mioyo inawatuma mbele, wanaondoka. Beki akiinua kichwa hana wa kumpa. Winga anatakiwa awe ukutani, amesimama, uso ukitazama ndani ya uwanja, fimbo iko chini kwenye barafu. Senta anatakiwa ashuke chini kabisa awe pasi fupi ya katikati. Tulipopima, nusu ya pasi mbovu za mabeki wetu zilikuwa za kukosa mtu wa kumpa. Hapo hata beki wa timu ya taifa angebutua.

Mazoezi yake hayahitaji vifaa. Weka mabeki wawili, senta, mawinga wawili na mkabaji mmoja tu. Tupa kisahani kwenye kona. Wasitoke hadi watoe pasi mbili safi. Kisha ongeza mkabaji wa pili. Dakika kumi kila siku kwa wiki tatu, na usibadilishe zoezi eti limechosha.

Dalili: mashuti machache, mabao mengi

Simamisha video sekunde moja kabla ya kila shuti lililozaa bao. Jiulize: kipa amesimama imara? Anakiona kisahani? Kama majibu yote ni ndiyo, bao hilo ni lake, na mwalimu wa makipa aangalie amekaa ndani sana ya lango au anafungua miguu mapema.

Mara nyingi jibu ni hapana. Vuta mstari wa kufikirika unaopita katikati ya uwanja kutoka goli hadi goli. Pasi inayovuka mstari huo mbele ya lango kabla tu ya shuti inamlazimisha kipa kuhama nguzo hadi nguzo. Lango lina upana wa sentimita 183, na pasi inasafiri haraka kuliko mtu anavyoweza kuteleza kwa magoti. Bao la namna hiyo usimwandikie kipa.

Chanzo chake ni macho. Watu watano wanakodolea kisahani kilichoko kona ya kushoto, hakuna anayejua nani yuko nguzo ya kulia. Dawa ina sehemu mbili. Fimbo za walinzi ziwe chini, kwenye njia ya pasi, si juu kiunoni. Na winga wa upande usio na kisahani ashuke mpaka mbele ya lango, awe anatazama watu zaidi ya kisahani. Mimi huwaonyesha picha iliyosimama na kuwauliza: "Nambari 14 wao yuko wapi?" Wakishindwa kujibu, tumepata chanzo.

Dalili: mnafungwa baada ya kipa kutema

Kipa ameokoa, kisahani kimeanguka mbele yake, mpinzani anakisukumiza ndani huku beki wako amesimama nusu mita pembeni.

Hapa sheria ya kutogongana ndiyo inayotawala. Ukitazama hoki ya wanaume ukaiga, utakaa kwenye kibanda cha adhabu. Beki wa kike haruhusiwi kumsukumia mtu mbali kisahani kikishafika, kwa hiyo vita vyake avimalize kabla. Shuti likiwa bado linajiandaa kule kwenye mstari wa buluu, yeye ameshaingia kati ya mpinzani na lango, miguu imefunguka, makalio yameshuka chini, ameshikilia nafasi yake. Kukaa kwenye nafasi yako si kosa, ni haki yako. Halafu kazi ya pili ni fimbo: shuti likitoka tu, inua fimbo ya mpinzani kutoka kwenye barafu. Bila fimbo chini hawezi kugusa kilichotemwa.

Makosa ninayoyaona ni mawili. Beki anasimama mbele ya mpinzani badala ya upande wa lango, na hapo anakuwa pazia la pili la kumziba kipa wake. Au anageuka kutazama shuti na kumwachia mtu wake. Ukiwa na wakati wa zoezi moja tu, fanya hili la kuinua fimbo.

Dalili: kipindi cha pili kinawaua

Gawa mabao kwa vipindi. Kama cha pili kinazidi sana, chanzo kinajulikana hata kabla ya kufungua video.

Benchi halihami, lakini timu hubadilishana magoli. Kipindi cha kwanza na cha tatu benchi liko karibu na eneo lako la kujilinda. Kipindi cha pili liko mbali, upande wa kushambulia. Beki aliyechoka akiwa nyumbani hawezi kutoka, safari ni ndefu, na akitoka wakati kisahani kiko kwa wapinzani anaacha barabara wazi. Bao lile nililolieleza mwanzoni ni la aina hii kabisa.

Pima urefu wa zamu za kipindi cha pili kwa saa ya simu. Zikivuka dakika moja, mnafungwa na mapafu. Kanuni tuliyoiweka ilikuwa hivi: hakuna anayebadilishwa mpaka kisahani kimevuka mstari mwekundu wa katikati na kimetupwa ndani kabisa kwa wapinzani, na mabeki hawatoki wawili kwa pamoja. Na winga asipige chenga kwenye mstari wa buluu wenzake wakiwa wamechoka. Akitupe ndani, watu wapumzike.

Epuka pia kukipiga kisahani kutoka upande wako hadi mwisho wa uwanja kwa papara. Kikivuka mstari wa goli la wapinzani bila kuguswa, filimbi inapulizwa, kinarudishwa kugombewa nyumbani kwako, na sheria inakukataza kubadilisha wachezaji. Watu wako waliochoka wanabaki palepale.

Dalili: mnashambuliwa wawili kwa mmoja

Anza na mshambuliaji wa tatu. Washambuliaji wawili wakiingia kona za wapinzani kukaba kwa juu, wa tatu lazima abaki juu, katikati, ili mambo yakigeuka awe wa kwanza kurudi. Akivutwa na yeye akaingia, na beki mmoja naye akapanda ukutani kukiwahi kisahani, umebaki na beki mmoja dhidi ya wawili. Lawama itamwangukia huyo mmoja.

Na huyo mmoja naye ana kazi yake. Uwanjani kuna vituo vya kugombea kisahani vilivyopangwa mistari miwili, vikiachana kama mita 13. Beki anayerudi nyuma akae ndani ya njia hiyo, asivutwe pembeni. Azibe pasi, na mwenye kisahani amwachie kipa. Kipa na beki wakikubaliana hivyo kabla ya mechi, kila mmoja anajua la kwake. Beki akiruka kumfuata mwenye kisahani, pasi inapita na lango liko tupu.

Kama ni mmoja kwa mmoja na bado anapitwa, pima umbali. Beki anayerudi nyuma mapema mno anamwachia mshambuliaji mita tano sita za kujengea kasi. Mfundishe aanze kumkabili katikati ya uwanja, akiwa umbali wa fimbo moja au mbili, na asirudi nyumbani kabla hajalazimishwa.

Dalili: mnacheza pungufu mara nyingi

Kosa dogo ni dakika 2 nje, na mkipata mengi hakuna mfumo utakaowaokoa. Andika kila kosa ni la aina gani. Yakiwa ya kunasa kwa fimbo na kuangusha miguu, tatizo ni miguu: mtu alipitwa, akanyoosha fimbo. Rudi kwenye sehemu ya umbali hapo juu. Yakiwa ya kugonga mwili, rudi kwenye sehemu ya kutema.

Mkiwa wanne, kaeni kama sanduku mbele ya lango, mruhusu mashuti ya mbali ya pembeni. Hapa kukipiga kisahani mwisho wa uwanja kunaruhusiwa bila filimbi, kwa hiyo kipigeni bila aibu.

Yasiyo ya barafuni

Mechi nyingi za vyuo huchezwa Ijumaa na Jumamosi, wapinzani walewale. Mkifungwa sana Jumamosi, angalia dakika za Ijumaa. Kocha aliyetumia mabeki wanne tu kati ya sita analipa kesho yake. Kuna pia mwaka wenyewe: mabeki watatu wakihitimu pamoja, waliobaki wanajifunza mbele ya watu, mechini, mwenzao anaelekea wapi. Na katika miaka ya Olimpiki ya 2018 na 2022 baadhi ya wachezaji bora waliacha vyuo kwa msimu mzima kukaa na timu za taifa. Mzazi asiyejua haya huona binti yake ameshuka kiwango.

Dalili: mnaongoza, kisha mnafungwa mwishoni

Wapinzani wamemtoa kipa, wako sita kwa watano, mbele ya lango ni msongamano. Makosa ya hapa ni ya hofu, na yanatokea hata juu kabisa. Fainali ya vyuo ya 2025, hapahapa Minneapolis, Ohio State walikuwa wanaongoza 3-2 zikiwa zimebaki sekunde chini ya 20. Kwenye vurugu langoni mchezaji wao asiye kipa akakifunika kisahani kwa mkono ndani ya kiboksi cha kipa, lile eneo lililochorwa mbele ya lango. Wisconsin wakaomba video iangaliwe, wakapewa penalti, Kirsten Simms akafunga, na muda wa nyongeza wakalichukua taji 4-3.

Anayeruhusiwa kukifunika pale ni kipa peke yake. Kwa hiyo fanyeni zoezi la msongamano kila Alhamisi: washambuliaji sita, walinzi watano, saa inahesabu sekunde 40, kocha anarusha kisahani miguuni mwa kipa. Kila mlinzi aliyeanguka azoee kukunja vidole ndani ya glavu na kuvuta mikono kifuani. Kisahani kikiwa karibu na mguu wake, akisukume kwa kiatu kuelekea kwa kipa wake, au akikandamize ukutani kwa kiatu hadi mwenzake afike. Binti wa Kisumu alilichukia zoezi hili kuliko yote, kwa sababu yeye ndiye alikuwa anasahau mkono. Mechi ya mwisho ya Februari, tukiongoza 2-1, alianguka kifudifudi mbele ya kipa, kisahani kikiwa kimelala sentimita kumi kutoka kwenye glavu yake. Kwenye video unaona vidole vinakunjwa, mkono unarudi kifuani, na mguu wa kulia unakisogeza nyuma, taratibu, hadi chini ya kipa.